Futi Iliyokatika Ncha

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi za asubuhi, na manyunyu yalikuwa yameanza upya baada ya kukoma kwa muda mfupi.

Wiki iliyopita tulimwacha Binti Seremala mlangoni mwa chumba cha tathmini, katika idara ya usanifu majengo, begi la safari likiwa bado mgongoni. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, bila kupita nyumbani. Mbele yake, ukutani, ulining'inia mchoro mkubwa wa ukarabati wa wodi ya zahanati ya chuo. Kila mstari wa mchoro ule aliuchora yeye. Jina lililoandikwa pembeni halikuwa lake.

Lilikuwa la Pacha.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, habari ni fupi. Binti Seremala na Pacha hawakuzaliwa tumbo moja. Walilala chumba kimoja cha bweni kwa miaka mitatu na kuvaliana viatu, hata wenzao wakamwita mmoja pacha wa mwingine na jina likamganda huyu wa pili. Ilipotangazwa nafasi ya kusoma muhula mmoja ng'ambo, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, wote wawili waliiomba. Nafasi ilikuwa moja. Aliipata Binti Seremala, na Pacha akamsaidia kufunga begi. Naye Binti Seremala akamwachia Pacha ufunguo wa kabati lililohifadhi mradi wake wa mwisho, ule ambao bila huo mwanafunzi hapati shahada, akaenda zake kwa miezi mitano.

Hivyo ndivyo fisi alivyokabidhiwa bucha.

"Shoga!" Pacha alisema, kijiti cha kuonyeshea kikiwa mkononi. Hakushtuka hata kidogo. "Umerudi salama? Keti hapo nyuma, namalizia."

"Mchoro huo ni wangu."

Wanafunzi waliokaa nyuma walicheka.

"Kwani huko ng'ambo hawapigi hodi?" mmoja aliuliza.

"Wanapiga kwa begi," mwenzake akamjibu.

Mkuu wa idara aligonga meza kwa kalamu. Alikuwa mtu wa kanuni. Hata chai aliinywa kwa ratiba. Kulia kwake alikaa Msimamizi, mhadhiri aliyesimamia miradi ya wasichana wote wawili. Kushoto alikaa mtahini wa nje, mama wa makamo aliyejenga hospitali nne kabla ya kuanza kufundisha, na ambaye viatu vyake vilikuwa na saruji kavu mpaka leo.

"Binti, kikao cha tathmini hakiingiliwi," Mkuu wa idara alisema. "Una hoja?"

"Ninayo, mwalimu. Mchoro huo niliuchora mimi kabla sijaondoka. Msimamizi wangu huyo hapo, ndiye shahidi."

Msimamizi alitazama dirishani. "Miradi ni mingi," alisema. "Siwezi kukumbuka kila mstari."

Pacha hakubishana. Alifungua faili, akatoa karatasi moja, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayetandika kitambaa. Ilikuwa fomu ya kukabidhi mradi. Iliandikwa kwamba mwenye mradi, kwa sababu ya masomo ya ng'ambo, ameuacha kwa hiari yake na kumkabidhi mwenzake. Chini palikuwa na saini ya Binti Seremala. Chini zaidi palikuwa na saini ya shahidi: Msimamizi.

"Saini ni yako?" Mkuu wa idara aliuliza.

Binti Seremala aliikumbuka siku ile. Teksi inapiga honi. Karatasi kumi na moja zimelazwa juu ya goti la Pacha: za bima, za bweni, za maktaba, za kabati. "Hapa, shoga. Na hapa. Na hapa. Fanya haraka, ndege haimngoji mtu hata akiwa bibi harusi."

"Ni yangu," alisema. "Sikuisoma."

"Msomi asiyesoma," sauti ilinong'ona nyuma.

Mtahini wa nje alivua miwani. "Karatasi inaweza kukabidhiwa," alisema. "Kichwa je? Wewe, muulize mwenzako swali lolote kuhusu wodi hii. Akishindwa, tutakuwa na la kuzungumza."

Binti Seremala alishusha begi.

"Kwa nini vitanda vimeegemea ukuta wa madirisha?"

"Ili jua la asubuhi lisimpige mgonjwa machoni," Pacha alijibu.

"Na beseni? Kwa nini liko mlangoni?"

"Muuguzi anawe kabla ya kumgusa mgonjwa, asingoje baada ya kumgusa."

"Kwa nini kitanda cha tano kimetengwa?"

"Kila wodi huwa na mama anayelia. Naye anahitaji ukuta wake."

Jopo lilitikisa vichwa kwa kuridhika. Maneno yale yalikuwa ya Binti Seremala. Aliyasema yeye chumbani, akiwa kitanda cha juu, Pacha akiwa kitanda cha chini anasikiliza. Karatasi ilikuwa sehemu ndogo ya wizi huu. Pacha alikuwa amesikiliza kwa miaka mitatu.

"Una lingine?" mtahini aliuliza.

Alikuwa nalo moja tu. Na hapa, msomaji, ndipo penye mwiba.

Wodi ile Binti Seremala aliipima kwa futi ya mbao ya kukunja, ambayo ikinyooshwa yote husomeka mita mbili. Alipewa na baba yake siku aliyochaguliwa kuingia chuo. Mzee aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akamwekea kiganjani, akasema neno moja: "Pima." Msichana alisafiri nayo hadi ng'ambo, kwa sababu mtu akiwa ugenini hushika chochote cha nyumbani.

Wiki ya sita, fundi wa karakana ya chuo kile aliiona. Aliilaza kando ya tepu ya chuma, akacheka mpaka akakohoa. Ncha ilikuwa imekatika zamani, mpasuko umelainika kwa miaka ya kushikwa. Futi ile haikuanzia kwenye sifuri. Ilianzia kwenye sentimita mbili. Kila kipimo alichowahi kukisoma kilizidi ukweli.

"Mwandikie msimamizi wako," fundi yule alimwambia. "Au nimwandikie mimi."

Alimsihi asiandike. Aliona aibu: binti wa seremala, mwanafunzi aliyechaguliwa kati ya mia mbili, hajui kutazama ncha ya futi. Aliamua kurudi siku tatu kabla ya tarehe aliyoitaja nyumbani, apime upya na kusahihisha kimyakimya. Ndiyo sababu asubuhi hii alikuwa hapa na begi mgongoni.

Basi, akikaa kimya sasa, mchoro utapita kwa jina la mwingine. Akisema, mchoro utakuwa wake, nao utakuwa mbovu.

Alichagua jina lake.

"Uwazi wa mlango wa wodi una upana gani?"

"Sentimita tisini na mbili," Pacha alijibu bila kugeuka kuutazama mchoro.

"Ulipima mwenyewe?"

Pacha alitabasamu. "Mimi mwenyewe, mwezi uliopita. Nilirudia vipimo vyote baada ya kukabidhiwa mradi. Vyote ni sahihi."

Mtahini wa nje aliyaandika maneno hayo, neno kwa neno.

"Ni tisini," Binti Seremala alisema. "Dirisha lililoandikwa mia moja ishirini na mbili ni mia moja ishirini. Na ukuta wa madirisha, ulioandikwa mita sita kamili, utapungua sentimita sita, si mbili."

"Kwa nini sita?" mtahini aliuliza.

"Kwa sababu nililaza futi mara tatu."

"Kwenda kupima ni kupoteza muda," Msimamizi alisema kwa haraka. "Futi ikikatika ncha, kila kitu huwa—"

Alianza kufuta miwani iliyokuwa safi.

Mtahini wa nje alimtazama kwa kitambo, kisha akasimama. "Zahanati iko hatua sitini kutoka hapa," alisema. "Mwiteni fundi wa karakana yenu aje na tepu ya chuma."

Walivuka uwanja katika manyunyu, mafaili yakiwa juu ya vichwa. Muuguzi mkuu aliwapokea wodini, mikono kiunoni.

"Wageni wote hawa," alisema, "na hakuna hata mmoja mgonjwa?"

"Tumekuja kupima mlango, mama," Mkuu wa idara alisema.

"Mlango upi? Fremu waliimaliza mchwa tangu mwaka jana. Mlango wangu ni hili pazia, nalo linajua siri za watu kuliko daktari."

Fundi wa karakana ya chuo alisogeza pazia, akanyoosha tepu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Tisini."

Alikwenda dirishani.

"Mia moja ishirini."

Alipima ukuta wa madirisha huku wagonjwa wawili wakiinua miguu kumpisha.

"Mita tano na sentimita tisini na nne. Zimepungua sita, kama alivyosema."

Binti Seremala alifungua begi, akatoa futi ya mbao, akaikunjua na kuilaza kwenye uwazi wa mlango. Watu waliinama kusoma. Tisini na mbili. Kisha akaigeuza, akawaonyesha ncha.

"Kosa la bahati mbaya hutawanyika," mtahini wa nje alisema. "Kosa linalopanga foleni lina mwenyewe." Alimgeukia Pacha. "Wewe ulipima kwa kitu gani?"

Pacha alitazama pazia.

"Kwa macho," fundi alisema, akivuta tepu yake irudi ndani.

Mkuu wa idara alikohoa. "Imethibitika," alisema. "Mchoro ni wa Binti Seremala. Fomu ya kukabidhi itachunguzwa."

Laiti angeishia hapo! Binti Seremala alikuwa tayari ameanza kushukuru.

"Imethibitika vilevile kwamba mchoro una kasoro kuanzia mlangoni hadi ukutani. Kanuni ni moja. Hautapita kwa jina la mwenzako, na hautapita kwa jina lako. Kasoro hii uliijua lini?"

"Wiki ya sita ya muhula, mwalimu."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Ndipo Pacha alipocheka. Kilikuwa kicheko kifupi na kikavu.

"Miezi mitatu na zaidi, shoga," alisema. "Kila Jumapili tuliongea kwa simu. Ukanisimulia maktaba yao ya ghorofa saba, ukanisimulia lifti inayosalimia watu. Hilo la futi hukunisimulia."

"Ningekusimulia ungeliiba nalo."

"Maombi yako ya ile nafasi nani aliyaandika?"

Binti Seremala alitazama chini.

"Sema, wakusikie. Nani?"

"Wewe."

"Mimi. Kwa mkono huu. Uliniomba niyanyooshe kidogo, nikayaandika yote upya, na yakayashinda yangu. Nikakufungia begi huku natabasamu. Mdomo uliniuma wiki nzima."

"Ungeniambia!"

"Na wewe ungeniambia!"

Muuguzi mkuu aliwatazama wote wawili. "Hapa wapo watu wameshonwa jana," alisema. "Mkitaka kupasuana, nje."

Lakini nje tayari kulikuwa na sauti nyingine, sauti ya furaha, ikikaribia.

"Pisheni, jamani! Mzigo hauna macho!"

Ni Seremala. Gunia lilimfunika kichwa kumkinga na manyunyu, na begani alibeba fremu mpya ya mlango. Kanuni za idara zilitaka kila mradi uambatane na kipande kimoja kilichotengenezwa kwa ukubwa halisi. Wiki mbili zilizopita Pacha alimpelekea mzee mchoro na kumwambia kwamba binti yake amemwagiza atengeneze fremu na kuileta zahanati siku ya leo.

Aliona begi kwanza. Kisha akamwona mwenye begi.

"Mwanangu! Si ulisema Ijumaa?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Ng'ambo wamekukondesha, lakini umerudi." Aliweka fremu chini kwa uangalifu, akajifuta mikono kwenye suruali, akawageukia wakubwa. "Mtaniwia radhi, waheshimiwa. Huyu amechora, mimi nimekata. Hiyo ni raha ambayo mtu haipati mara mbili."

Mkuu wa idara alitazama saa yake.

Ilikuwa fremu nzuri. Maungio yake hayakupitisha hata ukucha. Kwenye pembe ya chini, mahali ambapo jicho la mpita njia halifiki, mzee alikuwa amechonga herufi mbili za jina la binti yake.

"Baba, ngoja," Binti Seremala alisema.

"Ningoje nini? Dakika moja tu, waone inavyokaa."

Alisogeza pazia, akainua fremu, akaisukuma kwenye uwazi. Haikuingia. Aliigeuza, akaigonga kwa kiganja, upande huu na upande ule. Haikuingia.

"Mbao haivimbi kwa manyunyu ya nusu saa," alijisemea. Akapapasa ukuta. "Nimekata tisini na mbili, kama mchoro ulivyosema."

"Hukuja kupima uwazi kwanza, mzee?" fundi aliuliza. Aliuliza kwa upole, jinsi fundi anavyomuuliza fundi mwenzake mbele ya watu.

"Miaka thelathini na moja sijakata mbao kwa kipimo cha mtu mwingine," Seremala alisema. "Hii ndiyo mara ya kwanza. Nilisema, nani atanipimia vizuri kuliko mwanangu?"

Ndipo alipoiona futi mkononi mwa binti yake.

"Ulipima kwa hiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Ukatoa mbili?"

"Mbili zipi?"

Seremala aliiegemeza fremu ukutani.

"Mbili," alisema. "Siku zote mimi natoa mbili. Ilikatika kabla hujazaliwa."

"Hukuniambia."

"Siku zote natoa mbili."

"Baba, hukuniambia!"

Mzee alitazama mkono wake wa kulia, mkono ambao kwa miaka yote hiyo ulitoa mbili bila kukiuliza kichwa. "Mkono ndio unaojua," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba ni mbovu."

Hata mgonjwa wa kitanda cha tano aliacha kulia ili asikie.

Seremala alinyoosha kiganja. "Nipe."

"Baba, ni yangu. Ulinipa."

"Nipe."

Alimpa. Mzee aliikunja pingili kwa pingili, akaitia mfukoni.

Mtahini wa nje hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimtazama Msimamizi, aliyekuwa amerudi nyuma hatua mbili kuelekea kwenye korido.

"Mhadhiri," alimwita. "Kule chumbani ulisema futi ikikatika ncha. Wakati ule futi ilikuwa ndani ya begi na begi lilikuwa limefungwa. Binti huyu hakuwa ametaja ncha. Nani alikuambia?"

"Nilikisia tu."

"Ulikisia vizuri mno."

"Nina kipindi saa tano," Msimamizi alisema, akaondoka bila kungoja mvua ipungue.

Baada ya hapo kila mtu alifanya lake.

Mkuu wa idara alirudi ofisini, akatwaa rula na wino mwekundu, akaufuta mradi wa wodi, namba kumi na saba, katika orodha ya wahitimu watarajiwa. Kisha, kwa kuwa saa yake ilikuwa imefika, alikunywa chai.

Muuguzi mkuu alirudisha pazia mahali pake.

Pacha alihamisha godoro na vitabu vyake hadi chumba kingine cha bweni kabla ya chakula cha mchana. Viatu walivyokuwa wakivaliana aliviacha katikati ya sakafu, kimoja kimetazama mlango na kingine kimetazama ukuta.

Seremala alirudi nyumbani kwa miguu. Hakumuaga mtu. Gunia alilisahau, na fremu aliiacha imeegemea ukuta wa zahanati, herufi mbili zikinyeshewa.

Binti Seremala aliazima tepu ya chuma kwa fundi, akaomba ruhusa kwa muuguzi, akaanza kuipima wodi upya, peke yake, ukuta kwa ukuta. Mstari wa kwanza aliandika tisini. Alipofika wa nne hakuweza kuona karatasi, akakaa kwa muda kwenye ukingo wa kitanda cha tano, na mama aliyekuwamo akamsogezea miguu.

Mtahini wa nje alikwenda hadi ofisi ya Msimamizi. Alipiga hodi mara tatu. Mlango haukufunguliwa. Akavuta kiti cha korido, akaketi mbele ya mlango.

Msimamizi alikuwa ndani. Droo ya chini ya meza yake ilikuwa wazi. Mkononi alishika barua kutoka chuo cha ng'ambo, iliyoandikwa na fundi yule wa karakana aliyesihiwa asiandike, yenye muhuri wa kupokelewa wa wiki ya saba ya muhula. Bahasha yake ilikuwa imefunguliwa siku nyingi. Fomu ya kukabidhi mradi, ile aliyoitilia saini kama shahidi, ilikuwa na tarehe ya siku iliyofuata, Binti Seremala akiwa bado ng'ambo.

Mkono wake mwingine ulikuwa ukipapasa ndani ya droo, ukitafuta kiberiti.